Kidole Kwanza, Sheria Baadaye

Ukienda kusajili laini, iwe Dar au huku Mbuba wilayani Ngara, wakala anakuomba namba ya NIDA na kidole. Utaratibu huu ulianza Mei 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza kutumika Mei 2023. Yaani kwa miaka 4 tulitoa vidole bila sheria maalumu ya kuvilinda.

Je, baada ya hapo mambo yakawa safi? Hapana. Kifungu cha 22(3) kilikataza kukusanya taarifa kwa njia zisizo halali, ila hakikusema njia hizo ni zipi. Mei 2024, katika shauri la Tito Magoti, Mahakama Kuu iliiona kasoro hiyo, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha.

Usiseme hayo ni ya wanasheria, ndugu msomaji. Nywila ikivuja unaibadilisha. Kidole utakibadilisha na nini? Ndiyo maana katazo lisiloeleweka halimlindi mtu. Kipimo changu ni rahisi tu: wakala na mteja wakiisoma sheria pamoja, wote wajue kipi ni marufuku.