Karani wa Forodha na Nchi ya Angani

Kuna picha ya mwandishi wa fantasia ambayo wanafunzi wengi wa fasihi tunaibeba kichwani bila kuikagua. Ni mtu mpweke, ana wakati wa kutosha, anasubiri mawazo yamshukie. Yakishuka basi anaikimbia dunia hii na kwenda kuishi katika ile aliyojiumbia. Shaaban Robert anaivunja picha hiyo vibaya sana. Mtu aliyetupa Kusadikika (1951), Adili na Nduguze (1952) na Kufikirika (1967) alikuwa karani. Tena si karani wa mwaka mmoja anayetafuta nauli, la! Aliingia forodhani 1926, akiwa kijana wa miaka 17, akakaa huko hadi 1944, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Kutoka hapo akapelekwa Idara ya Mifugo kule Mpwapwa hadi 1946, akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya hadi 1952, kisha ofisi ya upimaji hadi 1960. Miaka miwili baadaye akafariki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachobukua bwenini usiku wa kuamkia mtihani iliandikwa katika saa zilizobaki baada ya mwajiri kuchukua zake.

Jambo hili hutajwa kwa aya moja katika utangulizi, halafu mhakiki huyooo, anarukia dhamira. Nadhani hapo ndipo tunapoutupa ufunguo. Ninachodai ni hiki: ofisi haikumnyima Shaaban Robert muda tu, iliingia ndani ya fani ya hadithi zake za ajabu.

Tuanze na mazoea yake ya kazi. Utenzi wa Vita vya Uhuru aliutunga kati ya 1942 na 1945, vita vyenyewe vikiendelea, nao una beti zipatazo 3,000. Gawanya mwenyewe: ni kama beti mbili kila siku kwa miaka minne, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Huyo si mtu wa kungoja kushukiwa. Ni mtu anayefungua daftari kila siku kama anavyofungua daftari la forodha, anaandika kilichopo, analifunga, kesho tena. Na bado mashairi mengine yalikuwa yakienda kwenye gazeti la Mambo Leo, na barua kwa nduguye Yusuf Ulenge, ambazo alizianza 1931 na kuendelea nazo hadi 1958.

Sasa tumtazame Adili. Hadithi ina jini, ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani, ina viboko vya kila usiku. Lakini ajabu zote hizo zinafunguliwa na nini? Na kodi! Mfalme Rai anagundua kwamba kodi ya Janibu haijafika, anamtuma mtu kwenda kuifuatilia, na ni huyo mfuatiliaji wa kodi anayekuja kuona lisiloonwa. Atatokea mtu aseme, kwa haki kabisa, kwamba tukio hilo limo katika hadithi ya Alfu Lela Ulela ambayo kisa hiki kimetokana nayo, pale Harun al-Rashid anapoona kodi ya Basra imechelewa. Ni kweli. Ila tazama alichobadili na alichoacha. Mbwa wa kule wamekuwa manyani, nchi zimepewa majina mapya, watu nao wamekuwa Adili, Hasidi na Mwivu. Kodi iliyochelewa imebaki palepale mlangoni. Karani aliyekuwa ametumikia forodha miaka 18 alijua kwamba siri nyingi za dunia huanza kuonekana pale hesabu zinapokataa kulingana.

Kusadikika ndiyo yenye uzito zaidi. Tumezoea kufundishwa kwamba nchi ile iko angani kwa sababu mwandishi alikuwa akiwakwepa Waingereza; fantasia ni pazia, ukilifunua unaukuta ukoloni, umemaliza, unaandika insha. Siupingi usomaji huo, lakini unaeleza kwa nini nchi iko angani na hauelezi kwa nini, baada ya kufika huko angani, tunakuta baraza, mashtaka, na ripoti za safari. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Utetezi wake ni nini? Ni kumbukumbu za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakateseka njiani, wakarudi na mapendekezo ya manufaa kwa nchi, kisha mapendekezo yakatupwa na wao wakatiwa gerezani. Jamani, hicho ni kilio cha mtu aliyewahi kuona taarifa nzuri ikipokewa, ikiwekwa kwenye jalada, na jalada likafungwa. Kumbuka kwamba kitabu kilipotoka 1951 mwandishi alikuwa bado anakula mshahara wa ofisi ya wilaya. Hakuwa nje akiurushia utawala mawe. Alikuwa ndani, mezani, na kalamu ya utawala huohuo mkononi. Ujasiri wa namna hiyo pazia peke yake haliuelezi.

Sisemi kwamba ofisi ilimfaa kila mahali. Safari za wale wajumbe zimejazwa kama fomu moja: ametumwa, ametaabika, amerudi, amefungwa. Ukifika kwa mjumbe wa nne unajua yatakayompata wa tano, na mimi hupata usingizi. Wahusika nao wamebandikwa majina kama majalada yanavyoandikwa juu, ukisoma Majivuno huna haja ya kufungua ndani. Najua ngano zetu nazo hutaja watu kwa sifa zao, lakini mjini Tanga hakukosekana waziri mwenye majivuno na huruma kwa pamoja, na tungependa kumwona.

Ndiyo maana naipa Kufikirika nafasi ya juu kuliko wenzangu wanavyoipa. Iliandikwa 1946, mwaka alioondoka Mpwapwa. Mfalme ana kila kitu isipokuwa mrithi, na waganga wanaitwa kundi baada ya kundi; kila kundi linapewa zamu yake, linashindwa, linapisha jingine. Utaratibu ni uleule wa kiofisi, ila safari hii unachekesha, kwa kuwa utaratibu wenyewe ndio unaochekwa. Dola nzima inahangaika kwa nidhamu kamili na kwa muda mrefu haipati kitu. Karani huyu hakuwahi kuishika chapa yake mkononi: ilitoka 1967, yeye akiwa kaburini miaka mitano, na mswada ukiwa umekaa miaka 21.