Fundi Anayesoma Kabla ya Kuandika

Laptopu ikifika mezani taa zinawaka, feni inazunguka na skrini ni nyeusi tii, wengi wetu huona chombo kilichokwisha. Fundi mzuri huvuta kiti na kuuliza: "Mara ya mwisho ilipowaka vizuri, mlikuwa mnaifanyia nini?" Hamlaumu mtu. Anatafuta jambo moja tu, na mwenye laptopu akishazungukazunguka huishia kulisema: alisikia kwamba kadi yake ya grafiki ina nguvu iliyofungiwa kiwandani, akapakua bayosi, yaani programu ndogo ya kadi, iliyochokonolewa na mtu asiyemjua, akaiflashi, yaani akaiandika ndani ya kadi, akawasha upya, na tangu hapo ni giza.

Maungamo hayo ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu ni ufundi unaofanyika kimya, bila moshi wala nyundo, na mara nyingi anayeufanya haambiwi hata asante ya kutosha.

Huku kwetu Nyakasimbi, katikati ya migomba na mibuni ya Karagwe, ufundi huu una mazingira yake. Kipuri cha laptopu si kitu cha kuvuka barabara na kununua. Kitaulizwa Kayanga, kikikosekana kitatafutwa Bukoba, kikikosekana tena kitaagizwa Mwanza au Kariakoo, na nauli ya basi ipande juu ya bei. Fundi wa jiji mwenye kadi tano kabatini anaweza kuchomoa hii na kuchomeka ile mpaka moja iwake. Wa huku hawezi. Akipiga ramli akakosea, mteja ameshalipia kitu kisichohitajika. Kwa hiyo analazimika kujua kilichoharibika kabla ya kuagiza chochote, na ulazima huo humfunza kufikiri.

Tuanze na chenyewe kinachoharibika. Kadi ya grafiki ina programu yake ndogo, ambayo mafundi huiita bayosi ya kadi. Kwenye kadi ya laptopu ya kuchomeka, ile ya aina ya MXM, programu hiyo hukaa ndani ya chipu yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Nyingi za chipu hizo zina nafasi ya kilobaiti 256 tu. Picha moja ya simu ya kisasa haienei humo. Lakini katika nafasi hiyo finyu ndimo mnamoandikwa kasi ya kadi, volti zake, ukomo wa umeme inaoruhusiwa kula, mpangilio wa kumbukumbu na njia za kupeleka picha kwenye skrini.

Wanaoibadilisha hutafuta kasi. Kadi kama GTX 970M na 980M, zilizotoka Oktoba 2014, zilipendwa sana kwa mchezo huo kwa sababu bayosi zake zilikubali kuguswa. Tangu kizazi cha Pascal cha mwaka 2016, NVIDIA imefunga mlango kwa saini ya kidijitali: kadi huikagua bayosi yake, na iliyoguswa huikataa. Kwa upande wa AMD, wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum walibadilisha bayosi za kadi za mezani kama RX 470 na RX 580 kwa wingi, mpaka uchimbaji huo ulipokoma tarehe 15 Septemba 2022 na kadi zilizochoka zikaingia soko la mitumba.

Gharama ya kasi hiyo inahesabika. Umeme unaoliwa na chipu hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza volti kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, na matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 21. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya kupumua. Laptopu ina feni mbili nyembamba na bomba la shaba. Fundi anayejua hesabu hii huelewa kwamba bayosi mbaya inaweza kuwa imeacha majeraha mawili: programu isiyosomeka, na chipu iliyoungua. Kazi yake ni kuyatenganisha.

Hapo ndipo uvumilivu unapoanza. Kwanza anapanga dalili. Skrini ikiwa nyeusi tangu kuwasha, kwenye laptopu ambayo kadi kubwa ndiyo inayoendesha skrini moja kwa moja, bayosi ya kadi ni mshukiwa wa kwanza. Lakini laptopu nyingi za kawaida skrini yake huendeshwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na kadi kubwa humkabidhi mwenzake picha zilizokwisha kuchorwa. Katika laptopu ya namna hiyo, bayosi ya kadi ikiharibika picha bado huonekana. Kinacholalamika ni Windows, kwa alama ya njano na kosa namba 43. Na kama kila kitu ni shwari mpaka mchezo ufunguliwe, ndipo laptopu izime ghafla, anatazama umeme na joto kabla ya kushuku programu.

Kisha anafuata utaratibu ambao kwangu ndio moyo wa ufundi wote: anaanza na hatua asiyolipia kitu na anayoweza kuirudisha nyuma. Anachomoa chaja na betri, anabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, anajaribu tena. Anachomeka skrini ya nje. Anafuta draiva ya zamani na kuweka safi, maana draiva iliyokorogeka huiga kadi iliyokufa. Anawasha laptopu kwa Linux iliyo kwenye flashi, asome mashine inavyojieleza yenyewe: je, kadi inaonekana kwenye orodha ya vifaa? Ikionekana, chipu bado inapumua. Isipoonekana kabisa, huenda tatizo ni umeme au mguso, na kuflashi tena hakutasaidia. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi isiyoweza kurudishwa nyuma. Akikosea, amepoteza dakika chache tu.

Ikibidi kuifikia chipu yenyewe, ndipo unapotakiwa kusogea karibu na kutazama mikono. Anatafuta kwanza nukta ndogo iliyochongwa kwenye pembe ya chipu. Hiyo huonyesha mguu namba moja, na waya mwekundu wa klipu ya kusomea chipu lazima uangukie hapo. Anasoma maandishi ya chipu kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ziko za volti 3.3 na ziko za volti 1.8, na ya pili ikipewa umeme wa ya kwanza inaweza kuungua. Hata kifaa cha kusomea hakiamini hivihivi. Ile programa nyeusi ya CH341A, ya bei nafuu na iliyoenea kila mahali, ina kasoro inayojulikana: inaweza kutoa volti 5 kwenye nyaya za data hata ikiwa imewekwa kwa volti 3.3. Fundi makini huipima kwa mita kabla haijagusa mali ya mtu.

Kisha anasoma. Haandiki, anasoma. Anasoma mara mbili na kulinganisha mafaili mawili. Yakitofautiana, klipu haijashika vizuri, na faili lolote kati ya hayo halifai. Likija limejaa FF mwanzo hadi mwisho, aidha chipu ni tupu au hajaigusa. Mafaili yakifanana, anayafungua na kutafuta mahali programu inapoanzia. Lazima pasomeke 55 AA. Baiti inayofuata hutaja urefu, kwa vipande vya baiti 512. Akijumlisha baiti zote za kipande hicho, jumla ikigawanywa kwa 256 haipaswi kubaki kitu. Ikibaki, mtu alibadilisha namba bila kurekebisha hesabu ya mwisho, na huenda hilo peke yake ndilo lililoleta giza.

Mbele kidogo anakuta utambulisho. NVIDIA ni 10DE, AMD ni 1002. Lakini ndani ya faili huandikwa DE 10 na 02 10, kwa kuwa baiti ya chini hutangulia. Kuna pia namba ya aliyeunda laptopu: 1028 ni Dell, 103C ni HP, 17AA ni Lenovo, 1558 ni Clevo. Hapa siri nyingi hufichuka. Laptopu ni ya Dell lakini bayosi inajitaja kuwa ya Clevo. Kadi ni nzima, umeme ni mzima, ila draiva inatafuta jina hilo kwenye orodha yake na hailipati. Mwenye mali aliuziwa mbuzi kwenye gunia, faili la mashine nyingine lililopachikwa sifa nzuri.

Kabla ya kurudisha bayosi halisi, faili bovu nalo linahifadhiwa. Wengine hushangaa: kwa nini kutunza uchafu? Kwa sababu kwenye laptopu ambazo kadi imelehemiwa kwenye bodi, bayosi ya kadi mara nyingi imo ndani ya bayosi kuu, na humo hukaa pia namba ya mashine na ufunguo wa leseni ya Windows. Anayeandika faili la laptopu nyingine juu yake bila kuhifadhi la awali huirudishia picha na kuinyang'anya utambulisho wake. Fundi mwangalifu hutoa kipande cha kadi peke yake, akakibadilisha, akaviacha vingine vilivyo. Na akiandika kwa kutumia laptopu yenyewe badala ya klipu, huhakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, kazi inaanza upya kwenye hali mbaya zaidi.

Mkoa wetu wa Kagera umewahi kuona uvumilivu wa aina hii kwenye moto. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya waliofufua uyeyushaji wa chuma ulioachwa kwa miongo mingi. Hawakufanikiwa papo hapo. Walijadiliana, wakarekebisha hatua kwa hatua, mpaka tanuri likatoa chuma, na mwaka 1978 jarida la Science likachapisha maelezo ya teknolojia yao. Ninachokiona kwa fundi wa bayosi ni nidhamu ileile ya kubadili jambo moja, kutazama, kisha kubadili jingine.

Nidhamu hiyo hujulikana zaidi pale fundi anapokataa. Kuna dawa ya haraka inayopendwa: kuichoma chipu kwa bloa mpaka kadi iamke. Wakati mwingine huamka, kwa wiki kadhaa. Mwaka 2008 NVIDIA yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kutokana na udhaifu wa malighafi za kifungashio chake, si za bodi. Chipu iliyochoka ndani haiponi kwa kuchomwa, hupumzika kidogo. Na lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi au zaidi, joto la kutosha kuua vipande vya jirani. Tena ni hatua isiyorudi nyuma. Fundi anayeiheshimu kazi yake humwambia mteja ukweli: hii si bayosi, hii ni chipu, na sitakuuzia wiki tatu za matumaini.

Kwa hiyo nina ombi kwetu sisi wenye laptopu. Tumezoea kulipia kipuri na kunung'unika tukitozwa kwa kuangalia. "Hujabadilisha chochote, unanidai nini?" Lakini katika kazi hii kuangalia ndiko kazi. Aliyekaa nusu siku akisoma baiti, akakuta namba moja isiyo mahali pake, akairudisha, amekuokolea bei ya kadi nzima na nauli yake kutoka Kariakoo. Hata yule aliyekwambia kwamba haiponi amekuokolea fedha ambazo ungezimwaga kwenye bloa. Tulipe ugunduzi kama tunavyolipa kipuri. Na kabla ya kuflashi chochote, tunakili bayosi ya asili na kuitunza mahali salama. Faili hilo ndilo msaada wa kwanza tunaoweza kumpa fundi.