Asilimia 80

Wapiga kambi wa Marekani wana kimtungi cha gesi chenye propani isiyofika hata nusu kilo. Kikiisha hutupwa. Chuma chake ni chembamba, cha matumizi ya mara moja, na ubavuni kimeandikwa onyo: atakayekijaza tena na kukisafirisha anaweza kutozwa faini ya hadi dola 500,000 na kufungwa miaka 5. Hicho ninakiacha kando. Upo mtungi mwingine wa ukubwa uleule, wa chuma kizito, uliotengenezwa ujazwe tena na tena, na huo ndio mzee mmoja jirani yangu hapa California, fundi bomba mstaafu, huujaza nyuma ya nyumba yake kiangazi kinapokaribia.

Kazi huanza tangu jana yake, kwa kuulaza mtungi mdogo ndani ya friza. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Inabaki kimiminika kwa sababu tu imebanwa na shinikizo la mvuke wake yenyewe. Mtungi mkubwa wa kilo 9 uliokaa nje una shinikizo kubwa, ule uliotoka kwenye friza una dogo, na tofauti hiyo ndiyo pampu yake. Hana nyingine. Mkubwa anaupindua kichwa chini ili kinachofika mdomoni kiwe kimiminika, si mvuke.

Kabla ya kuunganisha chochote, anapima. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa mhuri kwenye chuma, lakini anauweka kwenye mizani hata hivyo, asije akaongeza juu ya mabaki ya safari iliyopita. Anapitisha kidole kwenye raba ya adapta inayounganisha mitungi miwili kutafuta ufa, anavaa glavu za ngozi, kwa maana tone la propani huunguza kwa baridi, kisha anafungua koki taratibu.

Hapo ndipo ninapopenda kumtazama. Pembeni mwa vali kuna skrubu ndogo ya kupumulia, na ndani yake kijibomba kinachoshuka hadi pale ambapo mtungi unakuwa umejaa asilimia 80. Akiilegeza, gesi hutoka ikifyonya kwa sauti nyembamba, bila kuonekana. Mzee hasemi na mtu. Ghafla sauti inakuwa nzito na ukungu mweupe unaruka: kimiminika kimefika kwenye kijibomba. Papo hapo anafunga koki, halafu skrubu.

Ile sehemu ya tano iliyobaki haina kimiminika, lakini ndiyo inayomlinda mpishi. Propani hutanuka kwa joto kuliko maji, tena mara nyingi. Mtungi uliojazwa pomoni ukisahauliwa ndani ya gari juani, kimiminika kinakosa pa kwenda, vali ya usalama inafoka, na gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni mpaka ikutane na cheche.

Kwa hiyo anapima tena. Gramu zikizidi, hata chache, anautoa mtungi uani mbali na nyumba na kuziachia zipeperuke. Sijamwona hata siku moja akizionea uchungu. Kisha anapaka maji ya sabuni kwenye vali na kusubiri kuona kama kuna povu litakalovimba; anasubiri kweli, wala hatupii jicho tu na kuondoka.

Kwetu Kenya, kujaza mitungi bila leseni ni kosa, na walioshuhudia moto wa gesi wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024 hawahitaji kuelezwa sababu. Huku nako sheria inabadilika: kuanzia 2028, California itapiga marufuku uuzaji wa vile vimtungi vya kutupa. Watu wengi watanunua vya kujazwa, na baadhi watataka kuvijaza wenyewe. Natamani wanunue mizani kabla ya adapta.