Chumba cha Mama, Kona ya Mtoto

Sisi wa Mpanda tumelelewa na kungoja. Reli iliyotufikia kutoka Kaliua ililazwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, si kwa ajili ya wasafiri wenye watoto. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimewaona akina mama wakitandika mikeka kituoni, na mtoto wa huyu akilala juu ya kanga ya yule mpaka treni ije. Jengo halikuwafikiria, wao wenyewe waliligeuza nyumba. Kwa hiyo sikupata kuona haja ya kulikosoa. Huwezi kulidai jengo ahadi ambayo halikuitoa.

Jengo ninalotaka kulizungumzia hapa ni la namna nyingine. Ni jengo la abiria katika kiwanja kimoja cha ndege, mbali na kwetu, ambacho sitakitaja kwa jina. Limekarabatiwa, na ukutani pamebandikwa tangazo kubwa kwamba sasa ni rafiki wa familia. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Nilipita humo nikiwa na mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 17, na mtoto wake wa miezi mitano. Tulikuwa tunatoka hospitali, na nauli tulichangiwa na ndugu. Ndege ilichelewa. Tulingoja muda wa saa nne, nazo zilinitosha kulikagua jengo lile taratibu, kama mtu anavyosoma kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Nianze na sifa, maana mkosoaji asiyeona jema hana macho. Penye ngazi wameweka mteremko, na mzee kama mimi nilipanda bila kuomba mkono wa mtu. Kuna bomba la maji lililowekwa chini, mtoto wa miaka minne hulifikia mwenyewe. Matangazo husomwa kwa Kiswahili kwanza, polepole, mara mbili. Na kuna kona ya watoto: viti vidogo vya rangi, ubao wa kuteleza, sanduku la vitu vya kuchezea. Nilimwona mtoto mmoja akiteleza mara ishirini bila kuchoka, mama yake akipumzika. Aliyeibuni kona ile anawajua watoto.

Sasa kasoro. Viti vipya vyote vimetenganishwa kwa vyuma vya kuegemeza mikono, hivyo hakuna mahali pa kumlaza mtoto. Meza ya kubadilishia nepi imewekwa katika choo cha wanawake peke yake. Nilipompokea kitukuu changu ili mama yake apate kula, na mtoto akajichafua, nilimbadilishia sakafuni, juu ya koti langu. Mchora ramani aliamini kwamba mwanamume hasafiri na mtoto mchanga. Labda hajapata kusafiri na mgonjwa.

Kubwa zaidi ni chumba cha kunyonyeshea. Kipo, na picha mlangoni inapendeza. Kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa na mhudumu aliyeketi mbali. Mjukuu wangu alikwenda kuuomba. Yule mhudumu, kwa upole kabisa, alimtazama akamwambia, "Mdogo wangu, kamwite mama yake mtoto." Kisha akamwonyesha kona ya watoto ili akasubiri huko.

Msomaji, nisingependa umlaumu mhudumu yule. Macho yake hayakumdanganya: aliyesimama mbele yake alikuwa mtoto. Lakini alikuwa pia mama. Mjukuu wangu hakubisha. Nilipomfuata nilimkuta kwenye kona, ameketi juu ya kimojawapo cha vile viti vidogo, kanga begani, ananyonyesha, huku watoto wa watu wakiteleza mbele yake. "Babu, hapa panatosha," akaniambia. "Viti ni vifupi, miguu inagusa chini."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Waliokarabati jengo waligawa dunia mafungu mawili: hapa mama, pale mtoto. Mkoani kwetu Katavi mgawanyo huo haukai sawa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, katika kila wasichana 100 wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Hapana mkoa uliotuzidi. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikatukuta 1,152,958. Jengo lisilomtambua mama mwenye umri wa kucheza halijatutambua sisi.

Huenda mtu akasema kwamba ninadai makubwa, na kwamba ndege ni ya wachache. Zamani ningekubali. Leo Mpanda ina kiwanja chenye njia ya lami, na ndugu wakichangishana, mgonjwa hupanda ndege. Wala ninachodai si kigeni. Mwaka 2018 Marekani ilitunga sheria inayovitaka viwanja vyake vikubwa na vya kati viwe na chumba cha kunyonyeshea kisichokuwa ndani ya choo, chenye kiti, meza, umeme na mlango wa kufungika. Sheria hiyohiyo inataka meza ya kubadilishia nepi iwekwe katika choo cha wanaume vilevile. Meza moja na mlango mmoja havimalizi hazina ya nchi.

Nadhani chanzo cha kasoro ni namna tunavyohesabu. Majengo haya hupimwa kwa idadi ya abiria: lile la tatu pale Dar es Salaam, lililofunguliwa Agosti 1, 2019, lilijengwa kwa abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni hesabu ya haki, lakini haisemi nani amembeba nani. Kwa desturi ya mashirika mengi ya ndege, mtoto wa chini ya miaka miwili hana kiti; husafiri mapajani. Asiye na kiti husahauliwa upesi na mwenye kuchora viti.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla ya kubandika tangazo la urafiki, wenye jengo wamwite msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni, wamwache humo kwa muda wa saa nne bila kumwelekeza, kisha wamuulize alikaa wapi. Na ufunguo wa chumba cha mama uondolewe mfukoni mwa mtu. Mlango ufungwe kwa ndani na yule anayekihitaji.

Ndege yetu ilipotangazwa, mjukuu wangu alimfunga mtoto mgongoni, akakirudisha kile kiti kidogo mahali pake, akaokota mwanasesere aliyeanguka na kumweka sandukuni. Alimtazama kidogo kabla ya kufunika. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama kwenye foleni, nikawaomba walio nyuma yangu watusubiri.