Farasi 45 hizo, kwa mizunguko mingapi?

Massey Ferguson 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na hadi leo anayetafuta trekta dogo la mtumba huisikia ikisifiwa kwa namba moja: farasi 45. Namba hiyo ni ya kweli, ila ina sharti lake. Injini ya dizeli ya Perkins iliyomo, yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, huzifikia farasi hizo ikiwa inazunguka mara 2,250 kwa dakika. Kasi ikipungua, na farasi hupungua. Plau ikiwa ardhini, kasi hupungua mara kwa mara.

Kinachosukuma gurudumu ni torki, yaani nguvu ya kusokota shafti. Nguvu farasi ni torki hiyo pamoja na kasi yake. Zidisha torki kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,550, utapata kilowati. Farasi moja ni kama kilowati 0.75. Ndiyo maana injini mbili zaweza kuandikwa farasi sawa na bado zikatofautiana sana shambani.

Itazame Perkins plau ya diski inapotoka kwenye udongo laini na kuingia kwenye tabaka gumu lililoshindiliwa na kwato za ng'ombe. Mlio unakuwa mzito, moshi mweusi unatoka. Gavana, yaani kidhibiti cha mwendo wa injini, imeshafungua pampu hadi mwisho, haina dizeli zaidi ya kuongeza. Hapo mtu angetarajia injini izime. Haizimi, kwa sababu kadiri mwendo unavyoshuka, silinda hupata muda mrefu zaidi wa kuvuta hewa na kuchoma mafuta yake vizuri, na kila mpigo wa pistoni unakuwa na nguvu zaidi. Kwenye mizunguko 2,250 torki ni kama nyutoni-mita 144. Kwenye 1,300 inafika karibu 160. Ukipiga hesabu, hapo injini imebakiwa na farasi 29 tu, lakini ndipo inaposokota kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Dereva mzoefu huujua mlio huo, na hakimbilii klachi.

Sasa chukua injini mpya, ndogo, yenye farasi hizo hizo 45 lakini kwa mizunguko 2,800. Torki yake hapo ni kama nyutoni-mita 115. Wauzaji wa matrekta makuukuu huishia hapo na kutangaza ushindi. Hawasemi haki. Giaboksi hupunguza mizunguko na kuongeza torki, kwa hiyo gia ikipangwa sawasawa, gurudumu la trekta jipya litapata msukumo ule ule. Swali la maana ni jingine: torki ya juu kabisa ni kiasi gani, na inapatikana kwa mizunguko mingapi? Kama haizidi sana ile 115, au inafika kileleni kwenye 2,500, dereva atabadilisha gia kila anapokutana na tabaka gumu. Kama inapanda kwa robo nzima na kilele kiko 1,600, hilo ni trekta zuri kuliko la zamani, na mimi ningelinunua.

Ujazo nao huongea. S195 ya Kichina, injini ya silinda moja iliyolala inayofungwa kwenye pawatila nyingi, ina lita 0.815 na hutoa farasi 12 kwa mizunguko 2,000. Hiyo ni nyutoni-mita 42, kama 52 kwa kila lita. Perkins hutoa 58. Hazipishani sana, maana injini ya dizeli isiyo na turbo haina njia nyingi za kupata torki zaidi ya kuongeza lita. Anayekuahidi torki kubwa kwa lita chache mwulize turbo iko wapi.

Halafu kuna uzito, na wanunuzi wengi huusahau. Kuvuta plau yenye ukinzani wa kilonyutoni 8 kwa kilomita 5 kwa saa kunahitaji farasi 15 kwenye ndoano. Trekta la tani moja na nusu lenye farasi 45 linazo za kutosha na kubaki, lakini matairi yake yataanza kuteleza kabla injini haijachoka. Kabla ya kulipia farasi 10 za ziada, jaza maji kwenye matairi ya nyuma na ufunge vyuma vya uzito kwenye rimu, kisha ulime tena kipande kile kile.