Kutoka Pembetatu Hadi Sungura Mzima

Mteja anamletea fundi cherehani gauni la harusini na kumwambia: nishonee kama hili, ila usilifumue. Fundi haulizi mengi. Analigeuza ndani nje, anapitisha kidole kwenye mshono, anapima bega, kifua na kiuno, anavuta kitambaa kidogo aone kinavyorudi. Kisha anakata kitambaa cha bei rahisi, anajaribu, analinganisha, anakosea, anakata tena. Aliyelishona gauni la kwanza hakuacha karatasi ya vipimo, na fundi wetu hakai kuisubiri.

Fundi huyo ndiye anayenijia akilini kila nikifuatilia kazi ya watu walioiwezesha Linux, mfumo endeshi huria, kuchora kwenye kompyuta za Apple zenye chipu ya M1. Kompyuta hizo ziliingia sokoni Novemba 2020. Ndani ya chipu hiyo moja mna prosesa kuu na prosesa ya michoro, zote za muundo wa Apple yenyewe. Kampuni haikufunga mlango: mwenye kompyuta anaruhusiwa kuwasha mfumo endeshi mwingine akitaka. Ila haikutoa kitabu kinachoeleza jinsi prosesa ya michoro inavyotumwa kazi. Mwezi uliofuata, Hector Martin alianzisha mradi wa Asahi Linux ili kuihamishia Linux huko. Jina lina utani wake. Kwa Kijapani asahi ni jua linalochomoza, na ndivyo pia Wajapani wanavyoliita tufaha la McIntosh, ambalo kompyuta za Apple, yaani Mac, zilipewa jina lake.

Asiyeijua kazi hii atauliza: ikiwa skrini inawaka na maandishi yanasomeka, shida ya michoro iko wapi? Swali lake ni la haki. Kompyuta inapowashwa, programu ya kwanza kuamka hutenga eneo la kumbukumbu lenye rangi ya kila nukta ya skrini. Linux ikikabidhiwa eneo hilo inaweza kuonyesha chochote, lakini kila nukta lazima ipigiwe hesabu na prosesa kuu. Ni kama kumtoa mhasibu ofisini na kumpa brashi apake ukuta: ukuta utapakwa, na hesabu zitalala. Prosesa kuu ya M1 ina kasi kiasi kwamba kwa muda watu waliitumia Linux hivyo hivyo na mambo yakaenda. Kando yake, prosesa iliyoundwa mahususi kwa kuchora ilikaa bure, kwa kuwa Linux haikuwa na draiva, yaani programu inayoijua lugha ya kifaa hicho.

Alyssa Rosenzweig alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye tayari alikuwa na uzoefu wa draiva huria za prosesa za michoro za Mali, zile zinazopatikana kwenye simu nyingi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikusudia kutoa ushauri mfupi tu. Akaishia kujinunulia kompyuta ya M1 iwe zawadi yake ya Krismasi.

Namna aliyoanza inafaa kutazamwa kwa utulivu. Kwenye mfumo wa Apple, programu inayotaka kuchora huandaa maagizo katika kumbukumbu na kuyakabidhi kwa kiini cha mfumo. Rosenzweig aliweka programu yake ndogo katikati ya hao wawili, ikinakili kila kinachopita. Alichora kitu kimoja, akahifadhi nakala. Akakichora tena, safari hii akiwa amebadilisha jambo moja tu, tuseme rangi ya nyuma ya picha. Nakala mbili zikiwekwa sambamba, namba zilizotofautiana ndizo zinazobeba rangi. Badilisha kimoja, linganisha. Badilisha kingine, linganisha. Dougall Johnson naye alikuwa akiichambua lugha ya ndani ya prosesa hiyo, agizo kwa agizo. Januari 2021, pembetatu moja ilitokea kwenye skrini, imechorwa kwa msimbo wa Rosenzweig mwenyewe.

Pembetatu moja si kidogo. Katika michoro ya kompyuta, uso wa mtu, gari na mlima vyote ni pembetatu nyingi zilizounganishwa. Anayeweza kuchora moja ameshaupata mlango. Lakini mlango si nyumba.

Baada ya pembetatu, mchemraba unaozunguka nao ulikubali. Kisha ikaja zamu ya sungura, umbo lenye pembetatu nyingi na mwanga unaoteleza mgongoni. Prosesa ilichora kipande cha sungura, ikatoa kosa, ikasimama. Hitilafu hiyo ilikaa ndani ya draiva kwa zaidi ya mwaka. Kilichotatanisha ni kwamba umbo lilelile lilichorika likipewa rangi sahili, na likakwama likipewa rangi na mwanga wa kina.

Fundi mwenye haraka angesema kazi imezidi muda na prosesa imekata tamaa. Rosenzweig naye aliiwaza dhana hiyo, ila hakuiamini kabla ya kuijaribu. Aliandika programu isiyo na kazi nyingine ila kuzunguka na kupoteza muda, akaiongezea mizunguko, akaiongezea tena. Prosesa ilivumilia muda mrefu kuliko wowote ambao sungura angeuhitaji, na dalili za kuchelewa zikawa tofauti kabisa na zile za sungura aliyekatika. Dhana ikafutwa. Akarudi kwenye programu inayompaka sungura rangi na mwanga, akaichezea sehemu moja moja, mpaka akabaki na kitu kimoja kinacholeta tofauti: taarifa zinazobebwa na kila ncha ya pembetatu, kama rangi yake na upande unaoelekea. Zidisha idadi ya ncha kwa wingi wa taarifa za kila ncha. Jawabu likivuka kiwango fulani, sungura anakatika.

Hapo ndipo nasaba ya chipu ilipomsaidia. Prosesa ya michoro ya Apple inaaminika kuwa na asili katika prosesa za PowerVR za kampuni ya Imagination ya Uingereza. Prosesa za ukoo huo huigawa skrini katika vigae. Kwanza hukusanya taarifa za ncha zote katika debe moja la kumbukumbu, kisha huchora kigae kimoja kimoja. Debe likijaa kabla ncha hazijaisha, prosesa husimamisha ukusanyaji, huchora kilichomo, humwaga debe, halafu huendelea pale ilipoachia.

Kumbe sungura hakukatwa na ajali. Prosesa ilikuwa ikifuata utaratibu wake, ila draiva haikuwa imeuandalia chochote. Ili mchoro uendelee baada ya debe kumwagwa, draiva lazima ilete programu ndogo za kuweka akiba vigae vilivyofikia nusu na za kuvirudisha. Hata hilo halikutosha, kwani kumbukumbu ya umbali, inayojua kipi kiko mbele na kipi kimefichwa nyuma, nayo ilitaka kuwekwa akiba na kurudishwa. Mei 2022, Rosenzweig alieleza hadharani jinsi hitilafu hiyo ilivyopatikana, na sungura alikuwa mzima, kuanzia masikio hadi mkia.

Wakati huo draiva ilikuwa bado nusu. Ilijua kutunga maagizo, lakini ili kuyafikisha kwenye prosesa ilikuwa imeazima kiini cha mfumo wa Apple. Aliyejitolea kuiandikia Linux sehemu hiyo anajulikana kwa jina la Asahi Lina, na alikuwa akifanya kazi mubashara kwenye YouTube kwa sura ya katuni. Ugumu wake ulikuwa wa aina nyingine. Prosesa ya michoro ya M1 haisemeshwi moja kwa moja. Ina prosesa ndogo inayoisimamia, inayoendesha programu ya Apple, nayo ndiyo bawabu. Kuongea na bawabu ni kumpangia katika kumbukumbu majedwali marefu yenye visanduku vingi mno. Ukikosea, bawabu anazimia, na hakuna namna ya kumzindua ila kuizima kompyuta nzima na kuiwasha upya.

Martin alikuwa ameshatengeneza chombo cha kazi hii, programu iitwayo m1n1, inayoweza kuuendesha mfumo wa Apple ndani yake huku ikiandika kila mara mfumo huo unapogusa kifaa. Lina aliyasoma mazungumzo hayo, akatengeneza kwanza draiva ya majaribio kwa lugha ya Python, iliyoituma M1 kazi kutoka kompyuta nyingine kupitia waya wa USB. Ilikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini ilimpa nafasi ya kukosea kwa gharama ndogo, kama kile kitambaa cha bei rahisi cha fundi cherehani. Alipojua majedwali yanavyokaa ndipo akaandika draiva yenyewe kwa Rust, lugha inayoyakataa makosa mengi ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kukimbia. Desemba 2022, toleo la majaribio liliwafikia watumiaji wa kawaida, likiwa na OpenGL 2.1.

Wengi wangefunga duka hapo, kwa kuwa picha zinaonekana na madirisha yanateleza. Kwangu mimi, ufundi hasa ulianzia hapo. OpenGL na Vulkan ni lugha za pamoja ambazo michezo na programu za kuchora huzitumia kuomba kazi, na taasisi ya Khronos inayozisimamia ina mitihani yake. Draiva hulinganishwa na kanuni katika maelfu ya maswali madogo: nukta hii ingepaswa kuwa na rangi gani, hesabu hii ingepaswa kutoa nini. Isitoshe, kanuni zinataka mambo ambayo M1 haina kifaa cha kuyafanya, kama kuzalisha maumbo mapya wakati mchoro unaendelea. Fundi asiye na mashine ya kutoboa matundu ya vifungo huyashona kwa sindano ya mkono. Rosenzweig alifanya vivyo hivyo, akaandika programu zinazoifanya kazi hiyo kwa nguvu ya kawaida ya hesabu ya prosesa.

Agosti 2023 draiva ilifaulu mtihani wa OpenGL ES 3.1. Februari 2024 ikafaulu OpenGL 4.6, baada ya kupita majaribio zaidi ya 100,000. Juni 2024 ikafuata Vulkan 1.3. Ili kuupima uzito wa namba hizo, kumbuka kwamba OpenGL ya Apple yenyewe kwenye kompyuta hizohizo imeishia 4.1, toleo lililochapishwa mwaka 2010, na haijathibitishwa na mtihani huo. Walionyimwa karatasi ya vipimo walitoa vazi lililokaa vizuri zaidi mwilini.

Miaka ya kazi kama hii huchosha. Martin alijiuzulu uongozi wa mradi Februari 2025, na Agosti mwaka huohuo Rosenzweig alitangaza kwamba safari yake na chipu hiyo imefika mwisho. Draiva zinazotunga maagizo zimo ndani ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za michoro, ambako yeyote anaweza kuzisoma mstari kwa mstari. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi hufika zikiwa zimeshatumika kwingine, jambo hilo lina maana ya karibu: siku M1 itakapokuwa kuukuu na mfumo wake wa asili kuiacha, itabaki na mfumo mwingine unaojua kuchora.

Na fundi atakayekuja baadaye, akitaka kujua mshono unavyopita, hatalazimika kuanza na kidole na kitambaa cha bei rahisi. Vipimo vyote vimeshaandikwa na vimewekwa mezani.