Dramu Iliyoganda

Kuna kazi za gereji zenye watazamaji. Injini ikishushwa kwa mnyororo, watoto wa mtaa hujaa. Rangi mpya ikipulizwa, mwenye gari hutoa simu apige picha. Kufungua dramu ya breki ya nyuma iliyoganda kwenye Land Rover kuukuu hakumvuti mtu. Ni kazi ya kuchuchumaa, ya kutu na vumbi, na ikiisha gari linaonekana vilevile. Hata hivyo, sijui kazi nyingine inayomtenga upesi hivi fundi na mtu mwenye nyundo.

Land Rover ilitoka Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Hadi leo Arusha utakuta zenye umri wa babu, bodi haijatoboka popote. Huko chini mambo ni mengine. Dramu ni za chuma cha kusubu, na gari likikaa masika mawili matatu chini ya mwembe bila kuguswa, kutu hujaa pale dramu inapokaa juu ya habu hadi vyote viwili vinakuwa kitu kimoja.

Fundi anayelijua gari hili huanza na mawe, kabla hata ya kugusa spana. Hendibreki ya Land Rover za zamani, zile ziitwazo Series, haikamati magurudumu. Inakamata propela, nyuma ya gia boksi. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke peke yake, na gari linaweza kuondoka huku hendibreki imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo magurudumu ya mbele hukingwa kwanza kwa mawe, mbele na nyuma, na gari hukalishwa juu ya stendi.

Kisha zinakuja skrubu tatu zinazoishikilia dramu. Vichwa vyake ni bapa, na mara nyingi vimekwisha kutafunwa na bisibisi za watu wenye haraka. Hapo hutumika bisibisi ya kugongwa: kila pigo la nyundo linaisukuma ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja. Kichwa kikiwa kimelika kabisa, hutobolewa kwa keekee mpaka kiachie.

Skrubu zimetoka, dramu haijatikisika. Hapa ndipo mwenye nyundo anapopandisha hasira na fundi anapouliza: nini kinaishika? Pengine ni shuu za breki. Zimechimba njia yake ndani ya dramu miaka mingi, na ukingo ambao haukuguswa umebaki umeinuka na kuzizuia zisipite. Dawa yake iko nyuma ya bamba linalobeba shuu: bolti ya kurekebishia hulegezwa, shuu zikarudi ndani. Pengine ni hosi ya mafuta ya breki iliyovimba kwa ndani. Inapitisha presha kwenda, lakini hairuhusu irudi. Ukifungua nipo ya kutolea upepo, mafuta yanaruka na gurudumu linalegea papo hapo. Ikiwa yote mawili hayakusaidia, basi ni kutu ya kwenye habu, na sasa nyundo ina kazi.

Lakini nyundo nayo ina adabu zake. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka. Ukiupiga ukingo, umenunua dramu nyingine. Fundi hunyunyiza mafuta ya kulainisha kutu kuzunguka habu, huyaacha yapenye, kisha hugonga uso wa dramu kati ya bolti za gurudumu, akizungusha kidogo baada ya kila pigo. Husikiliza pia. Dramu iliyoshikana na habu hujibu kwa sauti nzito, iliyozibwa. Ikianza kuachia, mlio wake hufunguka. Asiyesikia badiliko hilo ataendelea kutwanga chuma ambacho kimekwisha kukubali.

Ikitoka, haipulizwi kwa kompresa. Shuu za zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halina tiba. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa chenye maji. Kisha habu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, na kupakwa grisi ya shaba, nyembamba sana, pale tu dramu inapokaa. Shuu haziguswi na tone hata moja.

Hiyo grisi ndiyo ninayoisifu kuliko yote. Haiongezi kitu kwenye breki za leo, na mwenye gari hataiona wala kuilipia. Anayefanyiwa ni fundi mwingine, pengine ambaye bado anasoma shule ya msingi, atakayelifungua gurudumu hilo miaka ijayo. Wengi tunafanya kazi ili ikamilike. Fundi huyu anaifanya ili iweze kufanywa tena, na magari ya mwaka 1960 yanatembea leo kwa sababu ya watu wa namna yake.